Sura ya Tano: Bei ya Kutazama

Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipoapishwa na wafuasi wake katika viwanja vya Uhuru Park jijini Nairobi kuwa "rais wa wananchi", runinga nyingi za Kenya zilikuwa hazionyeshi kitu. Serikali ilikuwa imezima mitambo ya kurushia matangazo ya Citizen, NTV na KTN. Kwa kipimo cha zamani, tukio lile lingekuwa limezimwa pamoja na mitambo hiyo. Lakini kamera zilikuwa bado uwanjani, na picha ziliendelea kutoka kupitia YouTube na Facebook. Watu wakazifuata kwenye simu, maofisini, kwenye matatu na majumbani. Mahakama Kuu iliamuru vituo virudishwe hewani, lakini vilikaa gizani siku kadhaa zaidi.

Miaka saba baadaye jambo hilo lilijirudia. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza vituo viache kurusha maandamano mubashara. Vikazimwa, mahakama ikasitisha agizo siku hiyohiyo, na wakati wote huo wananchi walikuwa wanatazama kwenye simu zao.

Ni rahisi kuhitimisha kutokana na matukio hayo kwamba mnara wa televisheni umeshindwa na simu imeshinda. Sura hii inaangalia jambo ambalo halizungumzwi sana: nani analipia picha, na anailipia vipi. Enzi za mnara, gharama ya kutazama ilibebwa na mwenye kituo. Mtazamaji akishanunua runinga na antena, alikuwa amemaliza. Kwenye simu, mtazamaji analipia kila dakika anayotazama. Bei hiyo ndiyo iliyobadili urefu wa video, lugha yake, mahali tunapoitazamia, watu wanaotajirika nayo na watu wenye uwezo wa kuizima.

Mnara hauhesabu watu

Tuanze na ufundi wenyewe, kwa sababu mengine yote yanatokana nao. Mtambo wa televisheni unarusha mawimbi kuzunguka eneo lake. Ndani ya eneo hilo, wakitazama watu mia au watu milioni, bili ya umeme ya mtambo ni ileile. Mnara ni kama mnadi wa mtaani: akishapaza sauti, wanaomsikia wawe watatu au elfu tatu, koo lake linachoka vilevile. Ndiyo maana televisheni ya bure iliwezekana kwa miongo mingi. Mtazamaji mmoja wa ziada hakumgharimu mwenye kituo kitu chochote, na matangazo ya sabuni, bia na benki yalitosha kulipa mishahara.

Intaneti haifanyi hivyo. Unapogonga video, simu yako inaomba nakala yako peke yako. Jirani akigonga video ileile sekunde hiyohiyo, inatoka nakala nyingine. Video yenyewe imekatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande kimehifadhiwa katika ubora wa aina kadhaa, kuanzia ule hafifu ambao nyuso hazitambuliki vizuri mpaka ule wa juu kabisa. Simu inapima kasi ya mtandao, kisha inaomba kipande kinachofuata katika ubora unaobebeka. Ndiyo sababu basi likiingia hifadhi ya Mikumi picha inafifia ghafla, na likikaribia mjini inang'aa tena.

Hesabu yake si ngumu. Picha ya ubora wa kawaida, inayotumia kilobiti 500 kwa sekunde, inakula megabaiti 225 kwa saa. Mtu akitazama saa tatu kila jioni, kama familia nyingi zilivyozoea mbele ya runinga, kwa mwezi wa siku 30 atakuwa amemaliza gigabaiti 20 na ushee. Akitaka picha safi ya megabiti 3 kwa sekunde, saa moja tu inakula gigabaiti 1.35, na mwezi mzima unapita gigabaiti 120. Akishuka mpaka ubora wa chini kabisa, wa takribani kilobiti 100, saa moja inatosheka na megabaiti 45. Wenye simu za kawaida wanaijua hesabu hii bila kikokotoo. Ndiyo inayowafanya washushe ubora hadi 144 kabla video haijaanza.

Upande wa pili wa hesabu uko baharini. Mkongo wa SEACOM, uliowashwa Julai 2009 na kuiunganisha pwani ya Afrika Mashariki na dunia kwa nyaya za nuru, ulisanifiwa kubeba terabiti 1.28 kwa sekunde. Watu milioni mbili na nusu, kila mmoja akivuta video yake ya kilobiti 500 kutoka ng'ambo, wangeujaza wote. Hao ni chini ya nusu ya wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam kwa Sensa ya 2022. Kama kila wimbo unaotazamwa Tandale ungelazimika kuvuka bahari kila unapogongwa, mkongo huo usingetosha.

Dawa iliyopatikana ni kuweka maghala karibu na watazamaji. Google na Netflix wanaweka kompyuta zao za kuhifadhia video ndani ya mitandao ya kampuni za simu, na nchi nazo zina vituo vya kubadilishana data ndani ya mipaka yao, kama KIXP ya Nairobi na TIX ya Dar es Salaam. Wimbo unaopendwa huvuka bahari mara chache, kisha unagawiwa kutoka ghalani. Kwa hiyo video nyingi unazotazama leo hazitoki mbali kama unavyodhani. Bei unayolipa kwa megabaiti inatokana zaidi na minara ya simu, umeme wake, leseni, kodi, na faida ya aliyekuuzia.

Saa mbili usiku

Kwa wasomaji waliozaliwa na simu mkononi, inafaa kueleza televisheni ilikuwaje. Kenya ilianza kuwa nayo mwaka 1962. Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa miaka mingi iliwaacha ndugu zake wa Bara mbali sana. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni ni anasa na redio inatosha kuifikia nchi nzima. Vituo vya Bara vilianza mwaka 1994, na vya watu binafsi ndivyo vilivyotangulia, ikiwemo ITV ya Reginald Mengi. Televisheni ya taifa ilikuja miaka kadhaa baadaye.

Siku zile kituo ndicho kilichopanga siku ya mtazamaji. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa miadi ya taifa zima. Mwenye runinga mtaani alikuwa na wageni kila jioni: watoto wamekaa chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye viti, na wengine wamesimama dirishani. Wakenya walikuwa na Vitimbi na Vioja Mahakamani. Watanzania walikuwa na michezo ya kundi la Kaole kwenye ITV, iliyowatoa waigizaji waliokuja baadaye kuibeba Bongo Movie, marehemu Steven Kanumba akiwa mmoja wao. Aliyekosa kipindi alisubiri asimuliwe kesho yake.

Utaratibu huo ulivunjwa kwa mara ya kwanza na king'amuzi, kabla simu haijafika. Makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006 yalizitaka nchi zetu zihame kutoka analojia kwenda dijitali ifikapo 17 Juni 2015. Tanzania iliwahi. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, na mikoa mingine ikafuata. Kenya ilifika huko kwa ugomvi. Februari 2015 vituo vya makundi matatu makubwa ya habari vilitoweka hewani kwa majuma kadhaa wakati wamiliki wake wakivutana na serikali kuhusu nani arushe matangazo ya dijitali.

Maelezo tuliyopewa wakati ule yalihusu picha safi na chaneli nyingi. Yalikuwa kweli, lakini hayakukamilika. Mfumo wa dijitali unabana chaneli kadhaa katika nafasi iliyokuwa ikiliwa na chaneli moja, kwa hiyo masafa mengi yanabaki wazi. Masafa hayo, hasa yale ya megahezi 700, yanafika mbali na kupenya kuta vizuri, na kampuni za simu ndizo zilizoyataka. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliyapiga mnada mwaka 2018. Hewa iliyokuwa ikibeba taarifa ya habari bure sasa inabeba bando.

Bando linavyopanga siku

King'amuzi kilituzoesha kulipia mwezi. Simu imetuzoesha kulipia wiki, siku, hata saa. Serikali nazo zimeona mlango huo. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ya aina hiyo. Wengi walikwepa kwa kutumia VPN au kwa kukaa kimya, na mwaka 2021 tozo hiyo iliachwa, ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye data yenyewe. Namna ya kutoza ilibadilika, lakini mlipaji alibaki yuleyule mwenye simu.

Anayelipia kwa kipimo hutazama kwa kipimo. Kuna bando za usiku wa manane, nafuu kuliko za mchana, zinazowafanya wanafunzi wa vyuo waamke saa nane kupakua muvi za wiki nzima. Kuna wanaosogea ukutani mwa hoteli au benki kwa sababu Wi-Fi inafika pale. Kijana mmoja akiwasha hotspot, wenzake watatu wanakusanyika, na huyo mwenye bando analinda MB zake kama mwenye duka anavyolinda droo. Mtu anaulizwa kama ameiona video fulani, anajibu, "Nimeiona thumbnail tu, bando limekata."

Iliyoonyesha ukweli huu vizuri zaidi ni biashara ambayo haimo kwenye takwimu za kampuni yoyote. Pita mitaa ya Manzese, Mbagala au Tandale jijini Dar es Salaam, utakuta fremu ndogo yenye kompyuta ya mezani, spika mbili na feni. Ukutani yamebandikwa mabango ya filamu za Kikorea, za Kihindi na za mapigano. Hiyo ndiyo "library" ya muvi. Mama anayeuza vitafunwa jirani anaingia na flash iliyofungwa pamoja na funguo za nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile ya Mturuki imefika wapi?"

"Imefika sehemu ya arobaini. Nikuwekee zote?"

"Weka zile nilizobakiza. Na mdogo wako anataka ya kutafsiriwa."

Kijana anafungua folda, anachagua, anaburuta. Mshale wa kijani unatembea, flash inamulika taa yake, na baada ya dakika tano mama analipa pesa isiyofika nauli ya kwenda na kurudi mjini. Kwa pesa hiyo amepata saa nyingi za picha ambazo, kama angezivuta kwa bando lake mwenyewe, zingemla mtaji wa siku. Kijana amevuta mara moja, kwa mtandao wa jumla, na anawagawia mtaa mzima. Kiufundi anafanya kile ambacho maghala ya Google yanafanya, ila yeye hana mkataba na mwenye kazi.

Hizo "za kutafsiriwa" nazo zina historia. Kwenye vibanda vya video vya Tanzania, viitwavyo vibanda umiza, marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, aliweka sauti yake juu ya filamu za kigeni, akasimulia, akatania na kuwapa wahusika majina ya mtaani. Kenya ilimpata DJ Afro, Uganda ikampata VJ Jingo. Kanda zao zilihamia kwenye CD, kutoka CD zikaenda kwenye flash na memori kadi, na sasa ziko kwenye magrupu ya Telegram. Kila chombo kilipobadilika, sauti zile zilibaki, kwa sababu watazamaji walitaka kuelewa kinachosemwa kwa lugha yao. Vituo vikubwa vilichelewa kulitambua hilo. Azam TV ilipoanza kuonyesha tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili na kupata watazamaji wengi, ilikuwa inapita njia ambayo vibanda vilikwisha kuichonga.

Hasara ya mfumo huu ni ya mwigizaji. Waliocheza filamu za Kiswahili enzi za DVD walilia na wizi wa kazi, wakapigania stika za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwenye makasha ili nakala halali zijulikane. Flash haina kasha la kubandika stika. Biashara ya DVD ilikufa, na waliokuwa wakiishi kwayo wakalazimika kuchagua kati ya king'amuzi na YouTube.

Video inayokatwa kwa mfuko

Mtazamaji anayehesabu MB hampi mtengenezaji muda wa kujieleza. Ndiyo maana mchekeshaji wa leo anaanza na kichekesho, utambulisho unafuata, kama upo. Ndiyo maana vichwa vya habari vya televisheni za mtandaoni vinapiga kelele. Na ndiyo maana mahubiri ya saa moja yanakatwa vipande vya nusu dakika, kwani kwa miaka mingi status ya WhatsApp haikupokea zaidi ya sekunde 30, na status ndiyo televisheni ya watu wengi ambao hawajawahi kufungua chaneli yoyote.

TikTok, iliyoanza kuenea duniani mwaka 2018, iliukuta mfuko huu umeshajiandaa kuipokea. Video fupi, imesimama wima kama simu inavyoshikwa, haihitaji kutafutwa wala kuchaguliwa. Ajabu ni kwamba ilipokwisha kuwazoesha watu ufupi ilianza kurefuka. Mwaka 2021 iliruhusu dakika 3, na mwaka 2022 dakika 10. Matangazo ya biashara yanahitaji muda wa kuingilia kati, na muda unapatikana kwenye video ndefu.

Hapo ndipo pesa ilipo, na inafaa msomaji ajue inavyogawanywa. Ili YouTube ianze kukulipa sehemu ya matangazo, chaneli yako inatakiwa iwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video zake fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukifika hapo, kwa video ndefu mtengenezaji anapata asilimia 55 ya pesa ya matangazo, na kwa video fupi asilimia 45. Lakini asilimia 55 ya nini? Mtangazaji wa biashara analipa bei tofauti kulingana na mahali alipo mtazamaji. Mtazamaji wa Marekani au Uingereza ana bei kubwa kuliko wa Dodoma. Kwa hiyo Mswahili aliyeko Minneapolis au London, anayefungua tamthilia ya nyumbani akiwa amechoka na kazi, anaweza kumwingizia mtengenezaji pesa kuliko watazamaji kadhaa wa Tabora. Ukiona chaneli za Kiswahili zinawasalimia sana "ndugu zetu mlioko diaspora", ujue salamu hizo zina hesabu ndani yake.

Waliofaidika wapo, tena wengi. Juni 2020 Diamond Platnumz alitangazwa kuwa msanii wa kwanza kusini mwa Sahara kufikisha jumla ya kutazamwa mara bilioni moja kwenye YouTube. Njugush, aliyejulikana na Wakenya kupitia The Real Househelps of Kawangware ya KTN, alijijengea jukwaa lake mwenyewe mtandaoni na kuacha kusubiri ratiba ya kituo. Kili Paul, kijana wa Kimasai kutoka Mkoa wa Pwani, alifuatisha kwa midomo nyimbo za Kihindi yeye na dada yake Neema, na kufikia Februari 2022 alikuwa ameheshimiwa na Ubalozi wa India Dar es Salaam na kutajwa na Waziri Mkuu Narendra Modi kwenye kipindi chake cha redio. Hakuna kituo cha Tanzania ambacho kingempa Kili Paul dakika tano kila siku za kuimba Kihindi bila sauti yake. Mhariri yeyote angemkatalia, na kwa hesabu ya soko la Tanzania angekuwa sahihi. Watazamaji wake hawakuwa ndani ya eneo la mnara wowote wa hapa.

Lakini mfumo uleule unaomwinua Kili Paul unawaacha wengine gizani bila maelezo. Mhariri wa kituo alikuwa na jina, ofisi na simu ya mezani, na ukikataliwa ungeweza kumfuata. Mpangilio wa TikTok na YouTube hauna mlango wa kugonga. Video ikishushwa au chaneli ikifungwa, mtengenezaji anajaza fomu na kusubiri jibu la mashine. Kazi ya miaka mingi inaweza kufutika kwa siku moja, na asiyekuwa na nakala nyumbani anakuwa ameipoteza.

Kinachobaki hewani

Pamoja na hayo, aliyetabiri kwamba televisheni itakufa aangalie mpira. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa haki za kuonyesha Ligi Kuu. Hakuna anayetoa pesa hiyo kwa chombo kinachokufa. Simba na Yanga wanapokutana, mamilioni wanataka picha ileile sekunde ileile, na hiyo ndiyo kazi ambayo mnara na setilaiti vinaifanya kwa gharama isiyopanda. Kwenye simu picha inachelewa. Jirani mwenye king'amuzi anashangilia bao wakati wewe unaona mpira uko katikati ya uwanja.

Msiba mkubwa nao una tabia hiyohiyo. Usiku wa 17 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza kifo cha Rais John Magufuli kupitia televisheni ya taifa, TBC. Kipande hicho kilizunguka kwenye simu usiku kucha, lakini kilitengenezwa na televisheni, na watu walikiamini kwa sababu kilitoka huko. Tangu hapo mgawanyo wa kazi umekuwa hivyo: televisheni inathibitisha, simu inasambaza.

Kampuni za nje zimejaribu kuleta mazoea ya kwao, zikakutana na mfuko wetu. Netflix ilifungua milango kwa nchi nyingi za Afrika, zetu zikiwemo, Januari 2016. Septemba 2021 iliwapa Wakenya wenye simu za Android kifurushi cha bure kabisa, bila matangazo, ikitumaini wakionja watanunua. Novemba 2023 ilikifunga. Muvi ilikuwa bure, lakini data ya kuitazamia haikuwa bure, na jambo hilo halimo mikononi mwa Netflix.

Milango mipya

Turudi kwenye swali la nani anaweza kuzima. Kituo cha mnara kilizimwa kwa kufuli la mtambo. Simu nayo ina makufuli yake, ila yako sehemu kadhaa. La kwanza ni leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni kulipia leseni, na kwa mwaka wa kwanza jumla ya ada ilifika takribani shilingi milioni 2.1. Kijana aliyekuwa akirekodi habari za kijiji chake kwa simu moja hakuwa na pesa hiyo, na wengi walifunga. Kanuni zilirekebishwa na ada kupunguzwa baadaye, ila waliokata tamaa hawakurudi wote.

La pili ni waya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika chini ya bahari, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hakuna aliyekusudia, lakini siku ile watu waligundua ni mambo mangapi ya maisha yao yanapita kwenye nyaya mbili.

La tatu ni swichi ya mtandao mzima. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu wa Tanzania, intaneti ilizimwa na kubaki imezimwa kwa siku kadhaa. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 1 Novemba kwenye televisheni wakati simu nyingi hazikuwa na data. Waliodhani kwamba simu imemaliza enzi ya mnara walikaa mbele ya runinga wakisubiri kuambiwa, kama wazee wao miaka ya tisini, tena safari hii bila njia ya kulinganisha walichoambiwa na kitu kingine.

Matukio ya Kenya na ya Tanzania, yakisomwa pamoja, yanafundisha somo moja. Penye njia mbili, mwenye kufuli la njia moja hawezi kuwafungia watu wote. Penye njia moja, awe mwenye mnara au mwenye mtandao, anaweza. Nchi inayoacha vituo vyake vya bure vife kwa sababu "watu wote wako mtandaoni" inajipunguzia njia. Inayopandisha bei ya data mpaka wananchi warudi kwenye kituo kimoja inafanya kosa lilelile kutoka upande wa pili.

Kwa hiyo yapo mambo ya kudai, na hayahitaji teknolojia mpya. Wanaopanga kodi na tozo za data wajue kwamba wanapanga pia nani ataona nini: kila shilingi inayoongezwa inamshusha mtu kutoka kwenye habari kamili mpaka kipande cha sekunde 30. Vituo vya umma vilivyojengwa kwa kodi viweke maktaba yao wazi kwa wananchi, na vizungumze na kampuni za simu ili taarifa ya habari na vipindi vya elimu vitazamwe bila kukata bando. Watengenezaji wa video watunze nakala za kazi zao kwenye diski zao wenyewe, maana chaneli ni nyumba ya kupanga. Nawe msomaji, kabla hujatoa antena juu ya paa kwa kudhani haina kazi tena, iache ilipo. Haikutozi kitu, na siku mtandao ukizimwa utaihitaji.